Muziki ya Umuhondo

Katika kilima chote kile hakuna muntu aliyetukanwa asubuhi nyingi kuliko Nyiraneza, na hakuna aliyejali matusi kidogo kuliko yeye.

Kazi yake ilikuwa mulangoni. Nyumba ya fromaji, ile jibini ya maziwa ya ng'ombe, ya Papa Hilaire ina mulango mumoja tu wa kuingizia maziwa, na katika mulango ule Nyiraneza aliketi miaka kumi na tisa juu ya kiti cha miguu mitatu, kikombe cha chuma mukononi, kitambaa begani. Wachukuzi walifika toka saa kumi na mbili ya asubuhi na bidon zao za maziwa, hawa kichwani, wale kwa moto, zile pikipiki, na hakuna bidon iliyopita mbele yake bila kufunguliwa. Alinusa kwanza. Akatia tone moja juu ya ukucha wa kidole gumba, akaliangalia: maziwa safi husimama pale kama muntu mwenye haki yake, na maziwa yenye maji hukimbia kama mwizi aliyesikia jina lake. Akaonja, akatema. Halafu njo ilikuja sehemu ambayo watu waliichukia kuliko yote, maswali.

"Ng'ombe iko na habari gani?"

"Iko salama, Mama."

"Ile nyeusi ilikuwa inakohoa."

"Ilishapona."

"Ilipona yenyewe ao walidunga sindano?"

"Yenyewe."

"Mbona unaangalia viatu vyangu? Ni mimi nilikohoa?"

"Walidunga moja tu, Mama. Juzi."

"Rudisha nyumbani. Siku tatu, dawa itoke. Toka njiani, wenzako wanangoja."

Kwa hiyo walimupa jina, Mama Ngoja. Walisema anasalimia ng'ombe kuliko watu, na ilikuwa kweli. Watu, alisema Nyiraneza, wanaweza kusema habari zao wenyewe, na hata wakisema ni uongo.

Alizaliwa katika nyanda za juu za Masisi, binti wa nne wa muchungaji mwenye ng'ombe kumi na moja. Alisoma darasa sita, akatoka akijua kusoma, kuandika, na kumukatalia muntu usoni. Mengine alifundishwa na baba yake kwenye zizi. Baba yule alikuwa akimufunga macho kwa kitambaa, anamupa vikombe vitatu, na mutoto anasema: hii ni ya ile yenye pembe moja, hii ililala kwenye mvua, hii ilikula majani ya bondeni. Akikosea, anakunywa maji. Akipata, anakunywa maziwa. Muntu hujifunza mbio kwa namna hiyo.

Aliolewa na Nsengimana, kapita wa ferme ya Papa Hilaire, musimamizi wa ng'ombe na wachungaji, muntu mupole aliyekufa kwa ugonjwa wa ini kabla hajamaliza kujenga nyumba yao. Papa Hilaire alimupa mujane kiti cha mulangoni pamoja na kanyumba ka mabati nyuma ya nyumba ya fromaji. Kiti na kanyumba vilikwenda pamoja kama chungu na kifuniko. Dada yake mukubwa, Athanasie, aliyeolewa kule Buleusa, upande wa Walikale, alimutumia ujumbe kila mwaka: kuja tulime, udongo iko, muhogo inakubali. Nyiraneza alijibu kila mwaka neno lile lile, kwamba yeye na jembe hawajatambulishana, na katika umri wake, sasa miaka hamusini na mbili, si wakati wa kuanza urafiki.

Papa Hilaire hakuwa muntu mubaya. Alikuwa muntu wa kupenda vitu vinavyong'aa, na huo ni ugonjwa kama mwingine. Alikuwa na redio yenye taa saba ambayo haikukamata stesheni hata moja, na alikuwa akiiwasha wageni wakija ili waione. Siku aliposhuka Sake na kukutana na kijana mumoja wa Goma anayeuza mashini ya kupima maziwa, hakuuliza kama inapima muzuri. Aliuliza iko na rangi gani.

Kijana aliitwa Plamedi. Alipanda kilima kwa miguu, kwa kuwa moto ilimushinda kwenye tope, na Nyiraneza alimuona kabla ya wengine, maana mulangoni muntu anaona njia yote. Aliona kijana anasimama nyuma ya ukuta wa zizi, anavua buti zilizojaa matope hadi magotini, anazificha kwenye majani, anatoa katika mufuko viatu vyeupe kama yai, anavaa, anapangusa shati, kisha anazunguka ukuta anatokea mbele ya watu akitembea polepole kama aliyeshuka toka mawinguni.

"Ona!" akasema bibi mumoja mwenye bidon. "Hata tope haimugusi!"

Nyiraneza akatema maziwa yake chini.

Sanduku lilikuwa jeupe, pembe zake za duara, bila musumari hata mumoja unaoonekana. Juu yake kulikuwa na tundu dogo la kumimina kijiko cha maziwa, na mviringo wa taa kuzunguka tundu. Plamedi akamimina. Taa ikawaka bluu, ikakimbia mara mbili kama ng'ombe ndogo iliyofunguliwa kamba, ikageuka kijani, na ndani ya sanduku sauti ya mademoiselle, musichana wa mujini, laini kama sabuni ya kunukia, ikasema:

"Bravo! Maziwa yako iko nzuri."

Watu wakarudi nyuma hatua moja. Muzee Karekezi, mukatekista, akavua kofia. Mama mumoja akafanya alama ya musalaba. Halafu wote wakasogea mbele kwa pamoja, kila mumoja na kijiko.

"Weka yangu!"

"Yangu kwanza, mimi nilifika jogoo akiwika!"

Maziwa ya muchukuzi mumoja, Jado, mazito kuliko yote maana ng'ombe zake hula juu kabisa, yalifanya jambo lingine. Taa ikawa ya rangi ya dhahabu, muziki ukapiga, kale kamuziki ka kinanda ka harusi bibi-arusi akiingia, na mademoiselle akasema: "Exceptionnel!", ndiyo kusema haina mufano. Jado, muntu mwenye wajukuu, akacheza pale pale katika matope. Na muchukuzi mumoja ambaye ya kwake ilikuwa na maji alipata taa nyekundu na maneno "Pole. Jaribu tena kesho." Akasema, "Asante, mademoiselle," akarudi nyumbani kwa amani. Muntu huyo huyo alikuwa amepigana na Nyiraneza wiki iliyopita kwa robo saa, na kuita ukoo wake wote mashahidi.

Muzee Karekezi, ili ajue kama mashini iko na akili, alimimina kasiksi yake, pombe ya ndizi. "Pole," sanduku likasema. Kilima kikacheka juma zima, na hata leo muntu akilewa wanamuambia, Pole, jaribu tena kesho.

Nyiraneza alingoja watu watawanyike, kisha akamukaribia kijana.

"Mutoto wangu, inaangalia nini ndani?"

"Mama, hii ni teknolojia."

"Nimesikia jina yake. Nimeuliza inaangalia nini."

Plamedi akaangalia huku na huku. Hakuwa kijana mubaya, na hakuna aliyekuwa amemuuliza swali tangu atoke Goma. "Uzito," akasema. "Kama iko nzito ao iko nyepesi. Wakitia maji, inajua."

"Na ng'ombe ikiwa mugonjwa?"

"Hiyo itakuja mu mashini itakayofuata hii."

"Na mbona inajibu mbio hivi? Mimi hata sijameza mate, yeye anasema bravo."

Hapo kijana akacheka kwa furaha, maana sehemu hii aliipenda. "Mama, ile ya kwanza ilikuwa inafanya dakika mbili. Ilikuwa inapima mara kumi njo ijibu. Bantu ya Goma walikuwa wanaipiga makofi, wanasema imekufa. Sasa tukafanya ipime mara moja. Tukaweka taa, tukaweka sauti, tukaficha misumari. Toka siku hiyo wanasema ni maajabu! Muntu akingoja, Mama, anaanza kufikiri."

"Na akifikiri?"

"Anauliza maswali."

"Ee," akasema Nyiraneza. "Na huyu mademoiselle ni nani?"

"Ni cousine yangu, mutoto wa shangazi. Anauzaka vitambaa. Ng'ombe anaziogopa sana."

Jioni ile Papa Hilaire akamuita chini ya dirisha lake. Sanduku lilikuwa juu ya meza, limefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mukono, kile kinachofunika mukate wa ibada.

"Mama Nyiraneza, umeona."

"Nimeona viatu na nimeona taa."

"Tunaijaribu mwezi mumoja. Wewe utaosha bidon mu uwanja. Mwezi ikiisha na kazi iko muzuri, utapumzika. Umetumika sana."

"Nitapumzika wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumba ni yako, Papa."

Papa Hilaire akakohoa, akanyoosha kitambaa cha sanduku. Kanyumba ka mabati kangemufaa kijana wa kuangalia mashini. Hakusema, lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kupima dirisha la kanyumba. Na Nyiraneza akajua: mwezi mumoja, halafu Buleusa na jembe.

Basi akaosha bidon. Akawa anaona kila kitu toka uwanjani, na kilichomuchoma si kwamba watu walisahau kiti chake. Kilichomuchoma ni namna walivyopendeza ghafla. Watu waliokuwa wakimuletea yeye bidon zenye kinyesi kwenye kifuniko sasa walizipangusa kwa mafuta. Wanawake walivaa kikwembe cha kanisa kwenda kusifiwa na sanduku. Wanaume waliulizana njiani, "Wewe ulipata bravo ngapi?" na mwenye bravo nyingi alitembea katikati ya barabara. Foleni iliyokula saa mbili ilikwisha kwa dakika ishirini, na muda walioupata waliutumia kusimama pale pale saa mbili wakisimulia namna foleni imekuwa mbio. Hakuna ng'ombe iliyoulizwa habari. Ile nyeusi ya kukohoa ilipita kila asubuhi na bravo yake.

Sasa kulikuwa na Mbonigaba. Huyu alikuwa mwanaume murefu wa kofia ya ngozi, mwenye sauti ya kuamuru na ng'ombe nne za bondeni. Ng'ombe za bondeni hula majani ya maji, maziwa yao ni mepesi kwa asili, si dhambi. Nyiraneza alilijua hilo na aliyapokea miaka yote. Lakini Mbonigaba alipata kijani kila siku, na kijani kilimuumiza. Jado jirani yake alikuwa amepigiwa muziki mara saba. Mbonigaba hakupigiwa hata mara moja. Alianza kulala vibaya. Muke wake, Umwali, alisema alikuwa akiimba kale kamuziki usingizini.

Siku ya Jumanne ng'ombe yake moja ikazaa.

Muntu yeyote wa nyanda zile anajua umuhondo. Ni maziwa ya kwanza, ya njano, mazito kama uji, yanayotoka siku tatu ama nne ng'ombe ikizaa. Ya kwanza ni ya ndama. Inayobaki ni ya watoto: mama wa nyumba anaipasha moto hadi igande, anaita wake na wa jirani, wanakula na vidole wakigombana. Umuhondo hauuzwi. Hakuna sheria ya serikali inayokataza, na haikuhitajika, maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba muntu mwenye mama angeweza kufanya vile. Tena hauchanganywi na maziwa ya fromaji, maana unaharibu sufuria nzima. Njo maana swali la pili la Nyiraneza, miaka kumi na tisa, lilikuwa moja tu: "Imezaa lini?"

Sanduku halikuwa na swali la pili. Halikuwa hata na la kwanza.

Jumatano asubuhi Mbonigaba aliingia mulangoni amenyoa. Alimimina kijiko chake akiangalia juu kama anayepigwa picha. Taa ikazunguka. Sekunde mbili. Dhahabu ikawaka, kinanda kikalia, na mademoiselle anayeogopa ng'ombe akasema kwa furaha: "Exceptionnel!"

Hakuna harusi iliyopigiwa makofi vile. Jado mwenyewe alimupa mukono, midomo imekauka. Maziwa yakamiminwa katika sufuria kubwa pamoja na ya kilima chote, na bidon tupu ikarushwa uwanjani kuoshwa.

Nyiraneza aliikamata, akatia mukono ndani, na mukono ukasimama. Kwenye shingo ya bidon kulikuwa na kitu cha njano kinachonata. Akakisugua kati ya vidole viwili. Akanusa. Akainuka na bidon ile mukononi, maji yakichuruzika juu ya miguu, akaingia kwa mulango wake wa zamani.

"Mbonigaba! Ng'ombe yako imezaa lini?"

Mbonigaba akashika kofia. "Nani amekuuliza?"

"Mimi njo ninauliza. Hii ni umuhondo. Umeleta umuhondo ya watoto wako mu sufuria ya bantu!"

"Mashini imesema exceptionnel!"

"Mashini imesema iko nzito! Hata matope iko nzito! Papa Hilaire, kuja uangalie rangi. Kuja unuse tu, mara moja, na pua ile Mungu alikupatia."

Papa Hilaire akaja. Aliangalia bidon, na Nyiraneza aliona kwamba aliona. Uso wake ulibadilika kama wa muntu aliyekanyaga kitu gizani. Halafu akageuka akaangalia sanduku. Mviringo wa dhahabu ulikuwa bado unawaka, hauna wasiwasi wowote, mzuri kabisa.

"Mama," akasema polepole, "mashini haina wivu na muntu."

"Wivu!" akapaza sauti Mbonigaba, akishika kamba aliyotupiwa. "Mumesikia? Anataka kiti yake!"

"Mama Ngoja anachoka kuosha bidon!" mwingine akasema, na watu wakacheka, na wakati wa kumwaga sufuria ile moja ukapita katika kicheko.

Nyiraneza hakulia. Alirudi kwenye maji yake akasema kwa sauti ya kutosha, "Cheka muzuri. Fromaji haicheki mbio, inacheka nyuma ya wiki mbili."

Alhamisi Mbonigaba akaleta tena. Ijumaa, kilima chote kilikuwa kimejua siri, maana Mbonigaba aliyefurahi hana kifuniko. Ng'ombe iliyozaa inapiga muziki! Wengine wawili waliokuwa na ndama changa wakaleta nao, mumoja akiwa amekamua hata kabla ndama haijasimama. Katika nyumba tatu za kilima kile watoto waliitwa kula umuhondo na hakukuwa na umuhondo. Waliambiwa baba ameupeleka ukasifiwe.

Fundi wa sufuria, yule anayegandisha maziwa, alikuwa wa kwanza kuonja matunda ya jambo hilo. Maziwa hayakushika muzuri. Alitia dawa ya kugandisha, akangoja, akatia tena. Yalikaa kama uji wa muntu mwenye homa. Papa Hilaire alisema ni baridi. Wakaminya hivyo hivyo, wakapanga fromaji juu ya mbao, zile duara nyeupe, na kwa siku chache zilionekana nzuri kabisa. Siku ya tisa zikaanza kuvimba. Siku ya kumi na mbili zilikuwa na mashavu kama ya mupiga baragumu, na moja ikapasuka peke yake, ikitoa harufu iliyomufanya mbwa wa ferme aondoke kwenda kulala kwa jirani.

Asubuhi ile ile njo akafika Mama Byukusenge wa Sake, mwanamuke munene wa maneno machache, ambaye miaka yote alibeba fromaji za nyumba ile hadi sokoni. Alipita kati ya mbao. Akaminya moja kwa kidole gumba, kidole kikazama hadi kwenye kiungo. Akakitoa. Akakinusa. Akatafuta mahali pa kukipangusa, akapata mukono wa koti ya Papa Hilaire.

"Ile mama ya mulangoni alikufa?" akauliza.

"Hapana. Iko hapa. Tulipata mashini."

"Nimesikia. Basi uza mashini," akasema, akapanda moto, akashuka na gunia zake tupu.

Wakamuita Plamedi. Wachukuzi wote walikuwa uwanjani, na Nyiraneza alikuwa anaosha bidon ileile moja kwa muda murefu sana. Kijana aliangalia fromaji, akafungua sanduku kwa nyuma, akasoma namba.

"Mashini haikukosea," akasema.

"Namna gani haikukosea?" Papa Hilaire akalia. "Fromaji imepasuka kama bomu!"

"Inapima uzito, Papa. Umuhondo iko nzito. Ilisema kweli. Hakuna muntu aliiambia ng'ombe imezaa."

"Kwani ni mimi nilileta umuhondo?" Mbonigaba akaanza. "Nani alisema ni umuhondo? Ng'ombe yangu ilizaa mwezi uliopita, mashahidi wako..."

"Mashahidi wako watano," ikasema sauti nyuma yake, "na wote wanalala kitanda kimoja."

Alikuwa Umwali, bibi yake, aliyekuja kuchukua bidon. Alikuwa na mutoto mugongoni na hakuwa na haraka.

"Nilipasha chungu, baba ya watoto. Niliita watoto wangu, niliita wa jirani. Wakakaa na vidole vyao juu. Nikawaambia nini? Umuhondo imeenda kusikiliza muziki. Mudogo akaniuliza, Mama, muziki inakuliwaka?"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko kuliko zile fromaji. Mbonigaba akavuta kofia hadi kwenye nyusi na kuanza kutafuta ufunguo wa moto, na moto hakuwa nayo.

Papa Hilaire akamuongoza Nyiraneza pembeni, karibu na dirisha. Alikuwa na uso wa muntu anayetaka kuomba musamaha lakini hajapata ulio wa bei nafuu.

"Mama Nyiraneza. Urudi."

"Nirudi wapi?"

"Kwenye kazi. Lakini sikiliza. Bantu wanapenda ile kitu. Nikiitoa, watapeleka maziwa pengine, watasema tumerudi nyuma. Plamedi anasema inawezekana kuweka kitufe. Wewe utakaa nyuma ya ukuta ya mbao. Unaonja, unabonyeza. Kijani, nyekundu. Hakuna atakayekuona."

Nyiraneza alimuangalia muda wa kutosha kumufanya akohoe mara mbili. Alikuwa anafikiri juu ya Buleusa, juu ya muhogo, juu ya Athanasie na mikono yake iliyokomaa kama gome. Kisha akafikiri juu ya ukuta wa mbao.

"Nitaonja," akasema. "Na kitufe nitabonyeza, ubaya ni nini. Lakini nyuma ya ukuta jiweke wewe na redio yako. Mimi nitakaa mu mulango, kwenye kiti yangu, na sanduku itakaa chini ya mukono wangu, bantu wote waone ni kidole ya nani. Na nitauliza maswali yangu. Na kanyumba uniandikie karatasi leo, na sahihi, kabla sijaweka ulimi kwenye kijiko."

"Lakini wakiona ni wewe unabonyeza, maajabu itaisha!"

"Njo vile. Ao lete kijana wako aonje."

Papa Hilaire akageuka kumuangalia Plamedi, ambaye alikuwa amekanyaga maziwa yaliyooza na alikuwa akipangusa kiatu cheupe kwa jani la ndizi. Akaenda kutafuta karatasi.

Asubuhi iliyofuata Nyiraneza aliketi mulangoni. Plamedi alikuwa amefunga kitufe kwa waya murefu, waziwazi, mwekundu kama utumbo. Hakuna kilichofichwa. Foleni ilisimama saa mbili kama zamani. Kila muntu alimuona akinusa, akiangalia ukucha, akionja, akitema, akiuliza ng'ombe imezaa lini na nani aliidunga. Kila muntu alimuona akinyoosha kidole chake mwenyewe, kile chenye ukucha uliopasuka, na kubonyeza.

Taa ikazunguka. "Bravo! Maziwa yako iko nzuri."

"Asante, mademoiselle!" akasema muchukuzi wa kwanza, akainamia sanduku.

Nyiraneza alifikiri amesikia vibaya. Wa pili akafanya vile vile. Wa tatu, mama wa kikwembe cha kanisa, alipapasa sanduku kwenye pembe yake kama shavu la mutoto. "Wameitengeneza," akamuambia mwenzake. "Sasa iko na akili kuliko ya kwanza. Haidanganywi tena!"

"Mama," akasema Nyiraneza, "umeona nani amebonyeza?"

"Nimeona, Mama Nyiraneza. Wameweka muntu wa kuisaidia. Ni muzuri, isichoke."

Ikafika zamu ya Mbonigaba. Aliweka bidon chini. Nyiraneza akaonja. Hakukuwa na umuhondo, lakini kulikuwa na mto. Alikuwa amechota mto mzima. Tone lilikimbia juu ya ukucha hadi kwenye kifundo cha mukono.

Akabonyeza. Nyekundu. "Pole," mademoiselle akasema kwa sauti yake ya sabuni. "Jaribu tena kesho."

Mbonigaba akaliangalia sanduku kwa huzuni na heshima. Kisha akamugeukia Nyiraneza, macho yakiwaka.

"Mubaya wewe!" akapiga kelele. "Mchawi! Tangu wamekurudisha hapa, mashini haina furaha!"

Na nyuma yake, katika foleni, watu wenye akili zao, wenye watoto shuleni, wakatikisa kichwa kukubali.

Nyiraneza akapangusa ukucha kwa kitambaa. Karatasi ya kanyumba ilikuwa ndani ya nguo yake, kifuani, na ilikuwa ikimukwaruza kidogo kila akipumua. Akaisukuma bidon ya Mbonigaba kando kwa mguu.

"Toka njiani, baba," akasema. "Unazuia maziwa."